Mwaka Tuliokaa na Mheshimiwa Tolva

Kwenye arobaini ya Mwalimu Sudi, kule Tanga, mama mmoja aliyekuwa akigawa sahani aliniuliza mimi ni nani yake marehemu. Si ndugu yake, si jirani, si mwanafunzi wake, na dini yetu si moja. Msalaba wangu ulikuwa ukionekana hata chini ya mtandio niliojifunika kwa heshima. Nikasema, "Tuliishi wote China." Yule mama akanitazama kuanzia juu mpaka chini, na hapo nikajua nimeharibu. Ikabidi nieleze haraka haraka kwamba tulikuwa watu wengi kwenye nyumba ile, na kwamba alikuwepo Bi Zuhura wa Unguja, mtu mzima, aliyetulinda wote kama vifaranga. Akanipa pilau, lakini sahani ndogo. Nikala huku nacheka kimoyomoyo, maana Mwalimu angelifurahia jambo lile kuliko mtu yeyote, kisha machozi yakanitoka bila hodi, na yule mama akarudi kuniongeza nyama.

Nataka kueleza habari za mwaka mmoja tu, mwaka wa michezo ya Beijing. Utoto wangu Iringa nauruka, hauna ajabu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nafanya biashara ya suti za kike na mikoba kule Guangzhou, nanunua vitambaa soko la Zhongda na mikoba soko la Shiling, na nilikuwa na kitu ambacho mwaka ule kilikuwa na thamani kuliko dhahabu: viza hai. Niliipata kwa kujiandikisha kusoma Kichina kwenye chuo kimoja, ingawa darasani nilionekana mara chache kuliko kanisani. Wenzangu wengi viza zao zilikuwa zimekauka. Zamani mtu alikwenda Hong Kong asubuhi, akagonga muhuri mpya, akarudi kula chakula cha jioni mtaani kwetu Xiaobei. Mwaka ule mlango ukafungwa. Polisi wakawa wanasimama kwenye ngazi za daraja la waenda kwa miguu, wanaomba pasipoti, na mtu aliyetoka kununua vitunguu alikuwa hana hakika ya kurudi na vitunguu.

Tulikaa ghorofa ya kumi na moja, jengo la nyuma ya jumba la maduka la Tianxiu, kwenye nyumba aliyoipanga Bi Zuhura. Vyumba vilikuwa viwili, na sebule haikuwa na makochi. Tulikalia marobota ya nguo, na robota likishasafirishwa mtu alibaki hana kiti mpaka mzigo mwingine uje. Jiko lilikuwa kwenye baraza nyembamba yenye nondo, na harufu ya karafuu na mdalasini ilipanda mpaka kwa jirani wa juu, mama wa Kichina ambaye mwanzo aligonga sakafu kwa ufagio kutukemea, na kufikia mwezi wa nne akawa anashuka na bakuli. Bi Zuhura alikuwa na umri wa kuweza kunizaa. Alikuja Guangzhou kununua mapazia, akagundua kwamba kuna faida zaidi katika kuwapikia wanunuzi, na mapazia akayasahau. Alimpikia kila mtu, alimsema kila mtu, na hakuruhusu mtu aondoke mezani na njaa wala na hasira.

Utaratibu wa kazi ulijipanga wenyewe. Mwenye viza hutoka, asiye na viza hubaki. Mimi nilizunguka masokoni kwa niaba ya watu watatu au wanne, na jioni nilirudi na mfuko wa vipande vya sampuli. Waliobaki ndani walikunja, walipanga, walishona lebo, na walibishana bei na malaoban, wenye maduka, kwa simu, kwa Kichina cha maneno kumi ambayo sita kati yake yalikuwa ni kukataa. Mwalimu Sudi ndiye aliyekuwa mkaguzi wetu wa vitambaa. Alivuta uzi mmoja, akauchoma kwa kibiriti, akanusa, akasema, "Hii ni nailoni, Anje. Mwambie laoban wako mama zetu wa Iringa watatoka vipele." Nikimjibu kwamba laoban ameapa ni pamba tupu, alinisalimia kwa Kihehe, "Kamwene," kwa sauti ya kumpa pole mtu aliyefiwa.

Alikuwa amefundisha historia sekondari kwa miaka mingi kabla hajaacha chaki na kuja kutafuta mali. Mzigo wake wa kwanza ulikuwa wa viatu. Meli ilichelewa, joto likaingia kontenani, gundi ikayeyuka, na viatu vikafika nyumbani soli upande wake na kiatu upande wake. Baada ya hapo hakurudi. Viza ikaisha, akabaki, kila mwezi akisema mwezi ujao atapata mzigo wa kurudi nao. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye kope za mtu anayesikiliza, na alivaa suruali iliyopigwa pasi hata siku ambazo safari yake ndefu ilikuwa ya kutoka robota moja hadi jingine.

Mheshimiwa Tolva aliingia nyumbani kwetu kwa sababu ya kitambaa. Nilirudi Zhongda na kipande cha pamba nyeupe isiyotiwa rangi, Mwalimu akakishika, uso ukambadilika. "Hii ndiyo merikani," akasema. Bi Zuhura aliyekuwa akichambua mchele akacheka. "Bibi yangu akivaa merikani. Mie nikidhani ni jina la Mwarabu aliyekuwa akiiuza." Mwalimu akatueleza kwamba alipokuwa chuo kikuu alitaka kuandika juu ya kitambaa hicho, jinsi meli za Wamarekani zilivyokileta Unguja na kuondoka na pembe na gundi ya miti, na katika kupekua vitabu alikutana na mbunge mmoja wa huko kilikofumwa, karne ya kumi na tisa, jina lake Hairamu Tolva. "Alikuwa maarufu?" nikauliza. "Hata kidogo," akasema, na nikaona amefurahi sana. "Maarufu wana watu wao wa kuwasimulia. Huyu hana mtu ila mimi."

Basi ikawa desturi. Wanaume waliokuwa hawana viza hawakuweza kwenda msikitini Ijumaa, kwa kuwa njia ya kwenda huko ilijaa polisi, kwa hiyo waliswali sebuleni, kisha Bi Zuhura akapakua pilau, kisha Mwalimu akasimulia. Mimi nilihakikisha siku hiyo nimerudi sokoni kabla ya adhuhuri. Tolva alikuwa mtoto wa mtengeneza ngozi, akasomea sheria kwa kuona haya harufu ya baba yake. Alikuwa na sauti nene iliyomfanya aonekane na akili kuliko aliyokuwa nayo. Aligombea ubunge dhidi ya tajiri mwenye kiwanda, na angeshindwa vizuri tu, ila yule tajiri alianguka kutoka juu ya farasi wiki ya uchaguzi, na watu wakaona ni ishara. Huko mji mkuu alipanga chumba kwenye nyumba ya mjane mmoja pamoja na wabunge wengine, wanakula meza moja.

"Mjane akiwapikia nini?" Bi Zuhura akataka kujua.

"Nyama ya nguruwe, Bi Zuhura, na viazi."

"Maskini. Ndiyo maana wakatunga sheria mbaya."

Kazadi, mfanyabiashara wa Lubumbashi aliyekuja kula kwetu kila siku ingawa alikaa jengo jingine, ndiye aliyembana Mwalimu zaidi. Alikuwa mtu wa mwili, mwenye kicheko kilichotutia hofu kwa sababu ya majirani. "Mais huyu député wako," alisema, "alifanya nini ya maana?" Mwalimu akajibu kwamba kwa miaka miwili alitoa hotuba moja, ilihusu daraja, na nusu ya waliosikiliza walikuwa wamelala. Kazadi akapiga paja. "Voilà! Politicien ni politicien. Ata kwetu beko hivyo hivyo."

Mpaka leo sijui habari zile Mwalimu alizisoma kiasi gani na alizitunga kiasi gani. Aliwahi kukiri kwamba vitabu vilimpa Tolva nusu ukurasa. Lakini alivyosimulia, ungesema walisoma darasa moja. Nadhani kukaa ndani kulimpa muda wa kumkamilisha. Sisi wengine tulikuwa na miji yetu ya kukumbuka, yeye alikuwa na miwili, wa kwake na wa Tolva, na wa Tolva ulikuwa haumuulizi anarudi lini.

Wa kwake uliuliza. Binti yake Mwanaidi alikuwa ameposwa, na harusi ilipangwa mwezi wa Shaaban, kabla ya Ramadhani, mwezi uleule ambao michezo ilikuwa inaanza na polisi wamekuwa wengi kuliko wapita njia. Mwanaidi alipiga simu kila wiki. Sauti yake ilikuwa nyembamba na haikuzunguka. "Baba, unakuja?" Na yeye: "Inshallah mwanangu, nipo njiani." Sote tulijua kwamba hiyo njia ni sebule ya Bi Zuhura. Ili aondoke China ilimlazimu ajipeleke mwenyewe polisi, akiri kwamba amezidisha muda, awekwe ndani kwa muda wapendao wao, kisha apandishwe ndege na jina lake lifungiwe, asirudi tena. Bi Zuhura alimwambia aende. Kazadi alimwambia angoje michezo iishe, mambo yatalegea. Mimi niliwahi kumuuliza anaogopa rumande au anaogopa Tanga. Alikuwa anachoma uzi, akauacha uungue mpaka ukamgusa kidole. "Nirudi na nini, Anje? Miaka mitatu China, nirudi na stori ya Tolva?"

Ijumaa moja Mwalimu akafika kwenye jambo ambalo alikuwa akilizunguka kwa wiki nyingi. Ililetwa bungeni sheria ya kuwakamata watumwa waliotoroka na kukimbilia kaskazini. Ilimtaka kila raia asaidie kukamata, na mtu mweusi aliyeshikwa hakuruhusiwa hata kujitetea mbele ya hakimu. Watu wa mji wa Tolva hawakuitaka, na yeye aliwaahidi, akiwa amesimama kanisani kwao, kwamba ataipinga. Lakini wenye viwanda waliitaka, maana pamba yao ililimwa na watumwa wa kusini na hawakutaka ugomvi na wenye mashamba. Siku ya kura karani akaanza kuita majina, mmoja mmoja, kwa herufi. Herufi ya Tolva ilikuwa mwishoni. Alikuwa na muda mrefu wa kufikiri. Karani alipokaribia, Tolva akainuka kwenye kiti, akatoka nje, akaenda kunywa maji.

"Kunywa maji?" Bi Zuhura akasema.

"Kunywa maji. Jina likaitwa, kimya. Likaitwa tena, kimya. Sheria ikapita."

"Hakusema ndiyo?"

"Hakusema ndiyo, hakusema hapana."

Bi Zuhura akaweka mwiko chini. "Mie afadhali yule aliyesema ndiyo. Huyo namjua, nampisha njia."

Sebuleni mle watu wote walijua maana ya kuombwa karatasi barabarani. Kazadi alitaka kujua kama walimchagua tena. Mwalimu akasema hawakumchagua, na yaliyobaki ni ya Ijumaa ijayo. Ijumaa ijayo hakusimulia.

Sisi Waswahili tuna tabia isiyotutoka hata tukihamia mwezini: kuvua viatu mlangoni. Bi Zuhura alikuwa ameweka beseni jekundu nyuma ya mlango na kazi yake ilikuwa kupiga kelele, "Viatu ndani! Viatu ndani, wanangu!" ili koridoni kusionekane kitu. Ijumaa ile walikuja vijana wawili wa Dar es Salaam kuswali, ndiyo kwanza wageni, na kwa adabu waliyofunzwa na mama zao wakaacha viatu vyao nje, vimepangwa vizuri, ncha zikitazama njia. Wengine waliowafuata wakaona viatu nje, wakavua hapohapo. Bi Zuhura alikuwa kwenye baraza na sufuria. Mlango ulipogongwa nilifungua mimi, kama tulivyokubaliana, pasipoti mkononi, nikawakuta polisi watatu na, miguuni mwao, foleni ya makubadhi.

Mkubwa wao, mtu mzima mwenye miwani, akauliza tunakaa wangapi. Nikasema mimi na mama yangu mdogo. Akaangalia chini. Sijui nini kilinipata. Nikamwambia kwa Kichina kwamba zile ni sampuli, sisi ni wafanyabiashara. Akainama, akaokota kubadhi moja, akaigeuza. Soli ilikuwa imetoboka na upande wa kisigino ulikuwa umelika kabisa. Kijana aliyefuatana naye akashindwa kujizuia, akacheka, hata mimi nikacheka, kisha wakaingia ndani.

Wale vijana wa Dar pasipoti zao zilikuwa safi. Wengine wawili pia. Mwalimu alikuwa ameingia chooni aliposikia mlango, akafungua bomba. Polisi mmoja akagonga mlango wa choo, na Bi Zuhura akajishika tumbo, akajikunja, akaonyesha kwa mikono mambo ambayo hayahitaji lugha, na yule kijana akarudi nyuma. Kazadi alikuwa amekaa kwenye robota, sahani mapajani. Viza yake ilikuwa imeisha wiki ileile. Ejenti wake wa viza alimwambia inashughulikiwa. Alitoa pasipoti bila wasiwasi, na wasiwasi ukamwingia alipoona hairudishwi. "Chef, laisse, nikule kwanza," alimsihi mkubwa wao, huku ameshika kijiko. Wakamwinua. Mlangoni alitafuta viatu vyake kati ya vile vyote, akavivaa polepole, akatuaga, "Mubakie bien." Sijamwona tena Kazadi. Tulisikia baadaye kwamba alifika kwao salama, na kwamba anauza magari.

Mwalimu alitoka chooni mikono imelowa hadi viwikoni. Sahani ya Kazadi ilikuwa bado ina moshi. Bi Zuhura, ambaye sikuwahi kumsikia akimuumiza mtu kwa makusudi, alimtazama na kusema, "Ah, Mheshimiwa Tolva. Ushamaliza kunywa maji?" Wale vijana wageni wakacheka, wakidhani ni utani wa nyumbani. Mwalimu akakaa. Alikaa pale mpaka pilau ikapoa kwenye sahani zote, na Bi Zuhura akaenda barazani, nikamsikia akijilaumu peke yake na kupiga sufuria bila sababu.

Kumbe Tanga nako walikuwa wamechoka kungoja. Walitafuta njia, na dini ina njia: baba aliye mbali anaweza kumwakilisha mtu, yaani kumpa uwakili, amuozeshee binti yake. Mwanaidi alikataa mwanzo, akisema baba asipokuwepo haolewi. Wakamsema, shangazi zake, mama yake, wakamwambia bwana harusi ana safari ya Maskati, kazi imepatikana, hawezi kungoja, na Ramadhani hiyo hapo. Akakubali. Siku ya ndoa, Ijumaa, mchana kwetu na asubuhi kwao, walipiga simu. Bi Zuhura aliifungulia sauti, akaiweka juu ya robota katikati ya sebule, na alikuwa amekaanga kaimati ili na sisi tushangilie. Tulisikia kelele za wanawake, sufuria, kuku. Kisha sheikh akaomba kimya.

"Sudi, upo?"

"Nipo, sheikh."

"Mbele ya hawa mashahidi, unamwakilisha mdogo wako Mbwana amuozeshe binti yako Mwanaidi?"

Alihitajika kusema neno moja. Nilimwona Mwalimu akiinuka, na roho yangu ikasema, anakwenda chooni. Bi Zuhura naye alidhani hivyo, nikamwona akifumba macho. Mwalimu alisimama wima mbele ya simu kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa.

"Hapana, sheikh," akasema. "Simwakilishi mtu. Binti yangu nitamuozesha mwenyewe. Waombeni waningoje, nakuja."

Sijawahi kusikia kelele kama zile kwenye simu. Mbwana, mdogo wake, alikuwa anapiga ukelele juu ya sauti za wote. "Kaka, umerogwa? Wali ushapikwa! Watu wako mkekani!" Mwalimu akasema tena, "Nakuja," na mama mmoja akalia, na hapo salio lao la simu likaisha na sebule ikawa na sauti ya feni tu. Mimi nilikasirika. Nasema kweli, nilikasirika kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Nilimwambia kwamba amemdhalilisha mtoto wa watu mbele ya mji mzima, ili yeye ajione mwanamume kwa dakika moja. Yeye akamwomba Bi Zuhura pasi.

Asubuhi yake nilimsindikiza, maana asiyejua Kichina huko huweza kukosa hata kukamatwa. Bi Zuhura alimfungia chapati kwenye karatasi ya foili, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamsomea dua, asimwachie mpaka nilipomkumbusha kwamba saa inakwenda. Mwalimu alivaa koti la suti. Kwenye ngazi za daraja, mahali pale ambapo kwa mwaka mzima hakuthubutu kuweka mguu, polisi wawili walikuwa wamesimama wanazungumza habari za michezo, na hawakumtazama hata kidogo. Tukapita. Alisimama katikati ya daraja, akaangalia magari chini, akasema, "Kumbe wameweka maua." Yalikuwapo siku zote.

Kituoni tulikuta dirisha limefungwa. Dada mmoja akatueleza kwamba wahusika wameanza mapumziko, wanalala kidogo baada ya chakula, turudi saa nane. Nikamfafanulia kwamba huyu bwana amekuja kujisalimisha. Akasema ndiyo, ajisalimishe saa nane. Tulikaa kwenye ngazi za nje, tukala chapati. Mwalimu alicheka mpaka akakohoa, na hasira yangu ikaanza kulegea, ingawa sikutaka. Nikamuuliza Tolva aliishia wapi, kwa kuwa sikujua kama nitapata nafasi nyingine.

Akaniambia kwamba Tolva alirudi mjini kwao, na watu walimwamkia kwa adabu na hawakumchagua. Akagombea tena, akashindwa. Akagombea useneta wa jimbo, akashindwa. Akaomba ukatibu wa posta, akanyimwa. Miaka ikaenda, vita vya kuwakomboa watumwa vikaja na kwisha, nywele zikawa nyeupe, na kila uchaguzi jina lake lilikuwepo, na watoto waliozaliwa baada ya ile kura walimchezea kwa kuigiza mtu anayekunywa maji. Uzeeni kabisa walimchagua. Kazi yenyewe ilikuwa kukagua nyua za mashamba, mtu na jirani yake wakigombea mpaka, yeye huenda kuangalia. "Aliifanya vizuri sana," Mwalimu akasema. "Alikwenda kila alikoitwa, hata kwenye theluji. Akifika alisema anachokiona, ua wako umeingia kwa mwenzio, na akishasema hatoki mpaka umeng'olewa." Nikamwambia, hiyo umeitunga. Akafuta mikono kwa karatasi ya chapati, akasema saa nane imefika, tuingie.

Walimweka ndani muda mrefu kuliko tulivyotegemea. Bi Zuhura na mimi tulichangisha watu, tukapeleka sabuni na nguo, na hatukuruhusiwa kumwona. Michezo ikaisha, Ramadhani ikaingia, na ilikuwa katikati ya mfungo tuliposikia kwamba amepandishwa ndege akiwa na koti lake la suti na mfuko mmoja. Alipiga simu mara moja kutoka Tanga. Aliongea na Bi Zuhura, kwa kifupi, kisha akaniomba mimi. Nikamuuliza habari za harusi. Akasema, "Hawakuningoja, Anje." Nikamuuliza hali ya hewa. Baadaye nilisikia kwamba bwana harusi alikwenda zake Maskati na akaoa hukohuko, na kwamba Mwalimu alirudi kufundisha, shule ya binafsi, kwa mshahara mdogo. Kila mwaka Krismasi alinitumia salamu. Sikuwahi kumuuliza tena juu ya harusi. Nilibaki na dukuduku lile kwa miaka yote, na nikizeeka likawa linanikereketa zaidi, maana sasa nami nina mabinti, na kila nikiikumbuka ile simu juu ya robota nilikuwa upande wa yule mama aliyelia.

Watu walipopungua kwenye arobaini, alinijia mwanamke mnene mwenye miwani, amebeba mtoto, wake au wa dada yake, sikuuliza, na kabla hajajitaja niliitambua ile sauti nyembamba. Alinijua kwa jina. Alijua habari za beseni jekundu, habari za mama wa juu na bakuli lake, za Kazadi, na alijua Tolva zaidi yangu. Aliishi naye, akasema, tangu baba aliporudi. Akanionyesha mumewe, mwalimu mwenzake, aliyekuwa akikunja mikeka. Baba yake ndiye aliyewaozesha, alisimama mwenyewe, akatamka mwenyewe, miaka mitano baada ya ile Shaaban. Tukakaa barazani tukanywa kahawa. Nikaona kwamba nisipouliza siku ile sitauliza tena.

"Mwanaidi," nikasema, "yule bwana wa Maskati. Siku ile baba alipokataa, na watu wako mkekani. Hukumchukia baba yako?"

Alimhamishia mtoto bega la pili, akafikiri kama aliyekuwa hajawahi kuulizwa.

"Nililia siku tatu," akasema. "Ya nne nikaanza kufagia uwanja, kwa sababu alisema anakuja. Mume, dada Anje, nilimpata mwingine. Baba ningempata wapi mwingine?"